Miji midogo ya mvinyo kule Cape kwa sisi magei wa Tabora na Kigoma: namna ya kwenda, kukaa na kurudi salama

Kama wewe ni gei na unaishi Tabora, Kigoma, Urambo, Kasulu au popote huku kwetu, na umekuwa ukiweka akiba kidogo kidogo ukisema ipo siku na mimi nitasafiri na mtu wangu kama wengine wanavyosafiri na wake zao, mi nakushauri hela hiyo usiimalizie jiji kubwa. Ipeleke kwenye miji midogo ya mvinyo kule Afrika Kusini, jimbo la Western Cape, yaani Stellenbosch, Franschhoek, Tulbagh, Montagu, McGregor na vijiji vya jirani. Mashamba ya mizabibu mpaka ukingoni mwa mji, milima pande zote, barabara kuu moja, kanisa jeupe katikati, na mji wenyewe mwingine unaumaliza kwa miguu nusu saa tu.

Sababu yangu ni hii. Cape Town kuna mitaa ya watu wetu, De Waterkant na Green Point, na ni pazuri sikatai, ila kwa mgeni maisha ya pale yanaanza saa nne usiku, klabu, mziki juu, giza. Na usiku sisi tunaujua tayari. Mapenzi yetu huku yote ni ya usiku, ya kuzima taa, ya kuingia kwa mlango wa uani na kutoka kabla ya adhana ya alfajiri. Tusichokijua ni mchana. Kukaa barazani na mtu wako saa nne asubuhi mnakunywa chai, kubishana naye dukani mnunue jibini gani, kumfuta makombo shavuni mbele za watu na hakuna aliyegeuka. Hiyo ndo inapatikana mji mdogo, na yote nitakayokwambia hapa chini nimeyapanga kwa kuangalia hilo, namna ya kupata mchana mwingi kwa hela uliyonayo na kurudi nyumbani salama. Wadada mnaopendana na nyie ni hivohivo, karibu kila kitu humu kinawahusu.

Sheria kwanza

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 9, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya nani anampenda, na tangu tarehe 30 Novemba 2006 watu wa jinsia moja wanafunga ndoa pale kisheria, ilikuwa nchi ya kwanza Afrika na ya 5 duniani. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kifungo cha miaka 30 mpaka maisha. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba siku za mwanzo mwili wenyewe unakataa kuamini, unajikuta unamwachia mkono mwenzako kila gari likipita.

Ila sheria ni kitu kingine na mtaa ni kitu kingine. Februari 2025 Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town ambaye miaka mingi alijulikana waziwazi kuwa ni gei na alifungua msikiti wa kupokea watu wetu, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari huko Gqeberha akafa. Sisi tuliosoma madrasa Ujiji au Kanyenye habari ile ilituingia mpaka kwenye mifupa. Nasema hivi ili usiende na akili kwamba ukishuka ndege basi kila mtu ni ndugu yako. Polisi hawezi kukukamata kwa kumpenda mtu, hilo lina uzito mkubwa sana, lakini macho yako yaendelee kufanya kazi kama kawaida.

Kabla hujatoka nyumbani

Viza Watanzania hatuhitaji kwa matembezi ya mpaka siku 90, unahitaji paspoti yenye kurasa tupu (ziwe angalau mbili), tiketi ya kurudi, gesti uliyobuku na ushahidi kuwa una hela ya kutumia. Beba na kadi yako ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Kigoma na Tabora ndege za kwenda Dar zipo, halafu Dar mpaka Johannesburg, halafu Cape Town ambako ni kama masaa mawili tena angani. Kama bajeti imebana chukua treni ya reli ya kati, ile ya Kigoma inapita Tabora inaenda mpaka Dodoma, na toka 2024 pale Dodoma unapanda SGR unaingia Dar kwa masaa machache tu.

Na kama una siku ya ziada shuka Dodoma kwa makusudi kabisa, maana ile ndo nchi ya mvinyo ya kwetu. Zabibu za Hombolo, Makutupora na Bihawana zinavunwa mara mbili kwa mwaka wakati kule Cape ni mara moja tu, na ukionja mvinyo wa Dodoma kwanza ulimi wako utakuwa na pa kuanzia. Ila Dodoma chukueni vyumba viwili. Mnajua wenyewe daftari la gesti zetu lilivyo, jina, kabila, kazi, umetoka wapi unakwenda wapi, na ukutani kuna karatasi imebandikwa wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Hamna haja ya kubishana na karatasi, lipa viwili uendelee na safari.

Stori ya safari iwe moja, fupi, na sehemu kubwa iwe kweli. "Naenda kutembea Cape na rafiki yangu, tunaenda kuona mashamba" inatosha, ukianza kuongeza semina na cheti na mfadhili utajisahau mbele ya mama siku moja mezani. Lakini mtu mmoja unayemwamini, mmoja tu, ajue ukweli wote, tarehe, jina la gesti, namba ya ndege, na jina kamili la unayesafiri naye.

Simu ndo hatari kuliko paspoti, hapa naomba usome taratibu. Wengi wetu simu zetu zilifunguliwa akaunti na fundi pale dukani au na mdogo wetu, barua pepe ni yake, nywila anaijua yeye, na picha zinapanda kule zenyewe bila wewe kubonyeza chochote. Maana yake utapiga picha Franschhoek saa sita mchana na saa sita na dakika mbili mdogo wako yuko Kanyenye anaitazama. Kabla ya safari fungua akaunti yako mpya peke yako, zima kuhifadhi picha mtandaoni, weka nywila badala ya kidole, na mkubaliane na mwenzako nani anapiga picha na zinakaa wapi. Stetasi ziacheni kabisa mpaka mrudi, na hata mkirudi pandisheni mizabibu na milima tu.

Kama unatumia vidonge vya PrEP (vile vya kujikinga na VVU) au dawa nyingine yoyote, beba za kutosha safari nzima ukiziacha kwenye chupa zake.

Miezi

Mavuno ni Januari mpaka Aprili hivi. Februari na Machi ni joto, kuna harufu ya zabibu zilizokamuliwa mji mzima na bei ziko juu. Mi napenda mwisho wa Aprili na Mei, majani ya mizabibu yamegeuka manjano na mekundu, wageni wamepungua, gesti zinashusha bei na mwenye gesti ana muda wa kukaa na nyie mkapiga stori. Juni mpaka Agosti kule ndo mvua, kinyume kabisa na huku kwetu ambako miezi hiyo ni vumbi, na baridi yake sio ya Tabora ya asubuhi ikaisha saa tatu, milimani inaanguka theluji. Ukienda miezi hiyo tafuta chumba chenye moto wa kuni, na beba koti la kweli.

Kupata chumba

Lala ndani ya mji, usilale shambani. Mashamba ni mazuri kwenye picha lakini ukishaingia huko bila gari umefungwa, na watu unaowaona ni wahudumu na wageni wenzako tu. Ukilala mjini unatoka kwa miguu kununua mkate na ndo maana ya safari yenyewe. Na kaa mji mmoja siku tatu angalau. Siku ya kwanza wewe ni mgeni, ya pili mwenye duka anakukumbuka, ya tatu anakuuliza mwenzako yuko wapi leo.

Kabla ya kulipa andika ujumbe wa wazi: sisi ni wanaume wawili, ni wapenzi, tunataka chumba chenye kitanda kimoja, je ni sawa? Najua mkono utasita kubonyeza kutuma. Tuma. Jibu lenyewe litakwambia kila kitu, akijibu mstari mmoja na bei na muda wa kufika, hapo panafaa. Akijibu aya tatu za kueleza kwamba hapa ni mahali pa familia lakini hatuna shida na mtu, mshukuru uende kwingine, maana gesti ziko nyingi, na zipo zinazoendeshwa na wanaume wawili waliozeeka pamoja palepale kijijini.

Tulbagh tulipokelewa na mama mmoja wa makamo, nywele zote nyeupe, aproni ina unga. Akafungua daftari lake la kuandikia wageni kwa kalamu ya risasi na bila kuinua macho akauliza, kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo? Mwenzangu, ambaye huku kwetu hata kunisalimia barabarani ananisalimia kama fundi wake wa umeme, akajibu kwa sauti ya chini, kimoja. Mama akaandika. Halafu akauliza mayai tunapenda ya kukaanga au ya kuchemsha. Mwenzangu alikaa kwenye ngazi za ile gesti nje akanyamaza muda mrefu, na mimi nikamwacha, nikaenda kuingiza mabegi.

Miji yenyewe

Stellenbosch ndo rahisi kuanzia, kama kilomita 50 kutoka Cape Town. Ulianzishwa 1679, una chuo kikuu, kwa hiyo vijana wamejaa na hakuna anayeshangaa kitu. Tembeeni mtaa wa Dorp Street asubuhi chini ya ile mialoni mikubwa, ingieni duka la Oom Samie lililojaa vitu vya zamani mpaka darini. Hapa ndipo mwaka 1925 profesa Abraham Perold alichanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut ikatoka Pinotage, zabibu ambayo ni ya Afrika Kusini yenyewe. Teksi za kuita kwa simu zipo. Ubaya wake ni kwamba umekuwa mji mkubwa, wikiendi magari na kelele, usiku mbili zinatosha.

Franschhoek ni mzuri mno, na ghali mno. Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso kwao walipewa bonde hili 1688, ndo maana mashamba yana majina ya Kifaransa. Kinachowafaa nyie bila gari ni ile tramu ya mvinyo iliyoanza 2012, unakata tiketi ya siku, inakushusha shamba hili, unaonja, inayofuata inakupeleka shamba lile, hakuna anayeendesha gari akiwa ameonja. Kaeni pembeni kwenye tramu, haina vioo, upepo wote wenu. Nendeni siku ya kazi, Jumamosi inajaa makundi ya sherehe.

Paarl sikushauri ulale, ila barabara ya kutoka Franschhoek kwenda Paarl inapita gereza ambalo zamani liliitwa Victor Verster, lile ambalo Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Kuna sanamu yake getini ngumi juu. Simameni hapo hata dakika kumi.

Tulbagh ndo mji wangu. Uko mbali kidogo, kama kilomita 120, na basi za watalii wengi haziufikii. Tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la 6.3 liliuvunja, na watu wa Kigoma mnaokaa juu ya bonde la ufa mtaelewa hofu yake. Baadaye wakajenga upya mtaa mmoja mzima, Church Street, nyumba 32 za kizamani kuta nyeupe, sehemu ya juu ya ukuta wa mbele imekatwa kama mawimbi, zote zimesimama mstari mmoja. Ni mtaa wa kutembea na kurudi, kutembea na kurudi, hamna cha kufanya kingine na ndo raha yake. Jioni watu wanakaa barazani wanakupungia mkono. Mkipunga na nyie mtaitwa ndani.

Ukivuka mlima upande wa mashariki kuna Robertson, Montagu na McGregor, hapa ni kilomita 160 mpaka 190 kutoka Cape Town na hali ya hewa ni kavu, ardhi nyekundu, utajisikia uko Igunga. Kuingia Montagu unapita Cogmanskloof ambako barabara inapenya shimo lililotobolewa kwenye mwamba mwaka 1877, na Montagu kwenyewe kuna chemchemi za maji ya moto. Nendeni asubuhi sana kabla familia hazijafika, maana kwenye maji watu wamevua nguo na hapo ndo hata mimi naangalia mazingira kwanza kabla ya kumsogelea mtu wangu. McGregor sasa ni kijiji chenyewe, nyumba za kuezekwa nyasi, punda, barabara inaishia hapohapo kwa sababu njia ya kuvuka mlima haikumalizwa kujengwa, hamna anayepita kwenda mahali pengine. Wasanii na wastaafu wengi, na watu wetu wamo, utawajua wenyewe. Hakuna teksi McGregor kwa hiyo chagua chumba cha kutembea kwa miguu mpaka sehemu ya kula, na nunua mahitaji Robertson kabla.

Kuendesha gari ni rahisi, wanatumia kushoto kama sisi, na mwisho wa pombe kwa dereva wa kawaida ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, ambayo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Mmoja anaonja na kutema, mmoja anakunywa, kesho mnabadilishana.

Kuonja bila kuogopa

Watu wa huku wengi wakiona zile glasi ndefu wanaingiwa na woga, wanaona watachekwa. Hamna kitu pale. Unaingia, unasema mnataka kuonja, unalipa, kwa sehemu nyingi ni kama randi 80 mpaka 200 kila mtu, wanakuletea aina nne mpaka sita kidogokidogo kuanzia nyeupe nyepesi kwenda nyekundu nzito. Shika glasi kwenye mguu wake mvinyo usipate joto la mkono. Zungusha kidogo, nusa, pua iingie kabisa ndani ya glasi usione aibu, halafu piga funda dogo ulitembeze mdomo mzima kabla ya kumeza. Kuna kopo mezani, ni la kutemea na kumwaga, tema bila wasiwasi na wao wenyewe wanatema. Kunywa maji kila baada ya glasi, na kula kabla hujaenda, ugali wa asubuhi ungefaa lakini kule utapata mkate na jibini.

Halafu sema unachosikia kwa maneno yako. Mtu wa Sikonge ukimpa asali anaonja tu na kukwambia ni ya msimu upi na nyuki walikula maua gani, ulimi wa aina hiyo tunao tayari, kinachobaki ni kuuhamishia kwenye zabibu. Ukinusa ukapata ubuyu sema ubuyu, ukapata embe sindano sema, anayekuhudumia atafurahi kwa sababu amechoka kusikia watu wakirudia maandishi ya kwenye chupa.

Anza na Chenin Blanc, ndo zabibu nyeupe inayolimwa kwa wingi kule na Dodoma pia ipo, kwa hiyo una pa kulinganishia, ya Dodoma mara nyingi wanaiacha na utamu, ya Cape nyingi ni kavu na chachu kama limao. Mi kila nikiinywa nawaza migebuka ya kukaanga ya Kibirizi, mtu akifungua biashara ya kuviunganisha hivyo viwili Kigoma mimi mteja wa kwanza. Pinotage kula na nyama choma. Na mvinyo wa povu wanaouita Cap Classique, uliotengenezwa kwanza pale Simonsig mwaka 1971, huo fungueni siku mnayosherehekea jambo lenu, hata kama jambo lenyewe ni kwamba mmefika.

Hunywi? Wengi wetu ni Waislamu na wengine tuna sababu zetu. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu, mafuta ya zeituni, chokoleti, jibini, waulize tu watakuandalia meza. Chakula cha halali sio tabu jimbo lile, Waislamu wapo toka enzi za utumwa na mapishi yao ya pilipili na tangawizi ndo yatakufanya usikumbuke nyumbani kwa muda.

Vyumba vingi vya kuonjea vinafungwa saa kumi au kumi na moja jioni, na Jumapili vijiji vidogo vingi vimefunga. Panga hivyo.

Jambo la rangi na la wafanyakazi

Nisikufiche, miji hii ukiingia mgahawani mara nyingi wanaokula ni weupe na wanaohudumia ni weusi na machotara. Macho mengine yatakayokufuata yatakuwa ya rangi yako kabla ya mapenzi yako, na ndugu zetu weusi wa pale wengine hawapendi wageni kutoka Afrika, hiyo chuki ipo na imeua watu. Kwa hiyo msitembee kwa miguu usiku kutoka mji kwenda mji, vituo vya mafuta vya barabara kuu muwe watu wawili marafiki tu, na kabla ya kushikana mikono tazameni wenzenu wa pale wanafanyaje. Kwenye chumba cha kuonjea, barazani kwa gesti, Church Street mchana, mi sijawahi kuona shida. Mtu wa kwenye apu mkutane naye mgahawani watu wakiwepo, usimfuate kwake, magenge ya kunasa magei kwa apu yapo na kule.

Mvinyo ule pia una historia yetu. Ulikamuliwa kwa mara ya kwanza Cape tarehe 2 Februari 1659, na mashamba yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia mpaka utumwa ulipofutwa 1834, na hata hapo wakashikiliwa miaka minne zaidi kwa jina la kujifunza kazi. Utakutana na watu jina la ukoo ni September au February, mababu zao walipewa jina la mwezi. Kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna kijiji cha Pniel kilichoanzishwa 1843 kwa walioachwa huru, piteni pale, sisi ambao miembe ya Ujiji tunajua ilipandwa kwenye njia ya misafara gani tuna sababu ya kusimama. Baada ya utumwa wafanyakazi waliendelea kulipwa sehemu ya mshahara kwa mvinyo, na ulevi ule umeacha watoto wenye maradhi mpaka kizazi cha leo. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya De Doorns waligoma, na 2013 kima cha chini kikapanda kutoka randi 69 kwa siku mpaka 105. Kwa hiyo kijana anayekumiminia mpe bahashishi yake mkononi, muulize anatoka wapi, na nunua kwenye mashamba ambayo wafanyakazi wana hisa, ukiuliza wataonyesha, wanaojivunia hawafichi.

Kurudi

Siku ya mwisho msikae mpaka dakika ya mwisho kwenye furaha halafu mkurupuke kwenda eapoti, kurudi kunahitaji nafasi yake. Kaeni jioni moja mkagawane mambo, picha zipi zinabaki na zinahamishiwa wapi, nani anafuta apu, risiti ya gesti yenye majina mawili na chumba kimoja inachanwa, na stori mnairudia mkubaliane. Sheria ya kwetu haijali kwamba picha ilipigwa nchi nyingine. Pia zungumzeni wiki ya kwanza mtaishije, maana mtu aliyezoea kushikwa mkono siku kumi akirudi Tabora akaanza kusalimiwa kama fundi wa umeme inauma, na ndo hapo watu wanagombana au mmoja anajisahau sokoni. Pangeni mapema mtaonana lini na wapi.

Mvinyo mnaruhusiwa kuingia nao lita 2 kila mtu bila kodi, yaani chupa mbili za kawaida. Viringisha kila chupa na nguo nzito uweke katikati ya begi kubwa la kupakiwa, kwenye begi la mkononi watakunyang'anya. Ukifika nyumbani usiiweke juu ya kabati, bati la Tabora mwezi wa kumi linapika kila kitu kilicho chini yake, ilaze chini ya kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua, na nyeupe inywe ndani ya miezi michache, nyekundu nzito inaweza kusubiri mpaka akiba ya safari nyingine itimie.